Samaki-moto nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafuga samaki huyu hapa Mombasa kwa miaka kadhaa sasa, na kila mgeni anayekaa mbele ya tangi huuliza yale yale aliyouliza mgeni wa jana. Wengi wanaompoteza humpoteza ndani ya wiki chache za mwanzo: ama karuka nje, ama kaonewa na wenzake hadi akaacha kula. Majibu haya nimeyaandika nikiwafikiria hao zaidi.

## Kumjua

Samaki-moto ni samaki gani hasa?

Jina lake la kitaalamu ni *Nemateleotris magnifica*, alilopewa na Fowler mwaka 1938. Kichwa kina manjano hafifu, kifua ni cheupe kama maziwa, kisha kuanzia katikati ya mwili rangi inaingia kwenye uchungwa, inakuwa nyekundu, na mkiani inakolea kama kaa linaloanza kuzimika. Mgongoni ana pezi refu, jembamba, ambalo hulisimamisha na kulilaza, hulisimamisha na kulilaza, mchana kutwa. Akikua kabisa hufika sentimita 9 hivi, karibu sawa na kidole cha kati cha mtu mzima.

Si mgeni kwetu. Anapatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Hawaii. Wavuvi hawamshughulikii kwa kuwa si kitoweo, na ndiyo maana wengi tumezaliwa na kukulia pwani bila kumwona. Hukaa upande wa nje wa mwamba, mahali ambapo mchanga na vifusi vya matumbawe hupigwa na mkondo, kwa kawaida kuanzia kina cha mita 6 kwenda chini. Huko anaelea juu ya tundu lake, uso kaukabili mkondo, anadonoa vidudu vinavyoletwa na maji. Kivuli kikipita tu, keshaingia tunduni.

Mbona mwoga hivyo? Nitamzoeza vipi aache kujificha?

Usimzoeze kuacha. Hana miiba mikali wala sumu, na meno yake ni ya kudonoa vijidudu. Silaha yake ni tundu, basi. Samaki-moto anayejua kwamba tundu lake liko pale pale chini yake, na kwamba hakuna atakayemtangulia kuliingia, huyo ndiye utakayemwona nje siku nzima. Anayenyimwa maficho ndiye anayejibanza nyuma ya pampu mpaka anakonda.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu hufanya kinyume. Wanapunguza mawe ili wamwone vizuri, na matokeo yake hawamwoni kabisa. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye jambo hili.

Wako wa rangi nyingine?

Ndiyo. Yuko *Nemateleotris decora*, mwenye mapezi ya zambarau. Wa Bahari ya Hindi wanaofanana naye walitenganishwa mwaka 2013 wakaitwa *Nemateleotris exquisita*. Yuko pia *Nemateleotris helfrichi*, anayeishi kina kirefu zaidi na bei yake ni kubwa. Matunzo ni yale yale.

Anamfaa anayeanza kufuga samaki wa maji chumvi?

Anamfaa anayeanza aliye mtulivu. Hali matumbawe, hagombani na jamii nyingine, hahitaji tangi kubwa, na akishatulia anakula vizuri. Asichovumilia ni haraka: tangi ambalo halijakomaa, majirani wakorofi, na kifuniko cha kubahatisha.

## Tangi, mwamba na maji

Tangi liwe la ukubwa gani?

Lita 80 zinamtosha mmoja. Mimi humshauri mtu aanze na lita 100 hadi 120, kwa kuwa maji mengi hubadilika polepole na kukupa nafasi ya kurekebisha kosa. Urefu ni bora kuliko kimo, maana anahitaji sehemu ya wazi ya kuelea mbele ya mwamba.

Liweke mbali na mlango unaobamizwa, mbali na spika, na mbali na njia ya watoto kukimbia. Kila mshindo unamrudisha tunduni.

Mawe niyapange vipi?

Jenga rundo moja lenye mapango na mianya mingi, sehemu ya maji mbele yake iwe wazi. Hakikisha kuna matundu madogo ya upana wa kidole gumba, karibu na mchanga, kila moja likiwa na njia mbili za kutokea. Ukiweza, zika kwenye mchanga kipande cha bomba la plastiki cha inchi moja, mdomo uchungulie chini ya jiwe. Si kitu cha kupendeza macho, lakini wangu aliliacha pango nililolijenga kwa jioni nzima akachagua bomba, na hadi leo analala humo.

Mawe yakae juu ya kioo cha chini kabla hujamwaga mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki au kamba anayechimba chini yake anaweza kuyaangusha.

Kwa nini kila mtu anasisitiza kifuniko?

Kwa sababu huyu anaruka. Akishtuka na tundu likiwa mbali, hukimbilia juu, na hupita kwenye uwazi usioudhania.

Samaki-moto wangu wa kwanza alikaa miezi minne. Kifuniko kilikuwa kioo, kizuri, ila kwenye pembe ya nyuma niliacha uwazi wa waya wa pampu, vidole viwili tu. Asubuhi moja sikumwona. Nilimkuta nyuma ya kabati, amekauka, pezi lile limeshikana na vumbi. Tangu siku ile natumia wavu laini uliokazwa kwenye fremu ya alumini, na pale waya zinapopita nimeziba kwa sifongo. Wavu ni bora kuliko kioo kwa sababu maji yanapumua na joto linatoka. Hakikisha matundu ya wavu hayazidi milimita 6.

Nichote maji baharini au nitumie chumvi ya dukani?

Yote mawili yanafaa, mradi ujue unachofanya. Aliye mbali na bahari hana chaguo: atanunua chumvi maalumu ya tangi la bahari na kuichanganya na maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosisi, kati ya gramu 35 na 40 kwa lita. Ndoo ya lita 20 itakula gramu 700 hadi 800. Maji ya bomba yana klorini, na maji ya visima vingi vya pwani yana chumvichumvi na naitreti tayari, kwa hiyo usiyatumie hivi hivi.

Sisi wa pwani tunaweza kuchota. Nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa na bado yanaingia, kwenye ufuo unaotazama bahari kuu. Usichote ndani ya hori, karibu na bandari, wala penye bomba la maji machafu. Wakati wa masika acha kabisa, kwa maana mito inamwaga tope na maji baridi, na chumvi inashuka. Mimi huchota ya kutosha mwezi mzima kabla mvua hazijaanza. Maji yakifika nyumbani yachuje kwa kitambaa safi, yakae gizani kwenye madumu yaliyofunikwa kwa wiki moja au mbili ili vijidudu vife na uchafu utuame, kisha yapulizie hewa kwa siku nzima na upime chumvi kabla ya kuyatumia.

Chumvi ya mezani au ya mawe haifai?

Haifai. Maji ya bahari si chumvi peke yake. Yana kalisiamu, magnesiamu, potasiamu na kaboneti zinazozuia tindikali isibadilike ghafla. Kwenye mashamba ya chumvi kama yale ya Gongoni, maji yakikauka juani kalisiamu hutangulia kuganda, kisha inafuata chumvi tunayokula, na magnesiamu nyingi hubaki kwenye maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Ukiirudisha ile chumvi kwenye maji, bahari hairudi nayo.

Vipimo gani nivifuate?

Joto nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Uzito wa maji kwa haidromita 1.023 hadi 1.026. Kipimo cha pH, yaani cha ukali wa tindikali, 8.1 hadi 8.4. Amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, ziwe sifuri, wala si kidogo tu. Naitreti isivuke miligramu 20 kwa lita. Badilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki.

Maji yanayopungua kwa kukauka yaongezee maji yasiyo na chumvi. Kinachoruka ni maji, chumvi inabaki tangini. Anayeongeza maji chumvi kila siku anaikoleza bahari yake bila kujua.

Nisubiri muda gani kabla ya kumweka?

Wiki 4 hadi 6 ndiyo kawaida. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na wale wanaogeuza naitraiti kuwa naitreti, hawajitokezi kwa siku moja. Weka mawe, mchanga, pampu, na chanzo kidogo cha amonia, hata kipande cha nyama ya kamba. Pima kila baada ya siku mbili: amonia itapanda na kushuka, kisha naitraiti itapanda na kushuka. Zote mbili zikisoma sifuri na naitreti ikionekana, tangi liko tayari.

Nyumba yetu ni ya joto, miezi ya kaskazi maji yanafika nyuzi 31. Nifanye nini?

Elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji. Maji yanavyokauka hubeba joto, na yanaweza kushuka nyuzi 2 au 3. Siku zenye unyevu mwingi hewani feni haisaidii sana, basi zima taa za tangi mchana, fungua madirisha, na uongeze msukosuko wa maji kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Usitupie barafu, kwani kubadilika kwa ghafla ni kubaya kuliko joto lenyewe.

Walioko Nairobi, Arusha au Kigali wana shida iliyo kinyume: usiku wanahitaji hita yenye kidhibiti, wati 100 kwa lita 100.

## Kumleta nyumbani

Dukani nimchague vipi?

Mtazame kwa dakika kumi bila kugonga kioo. Awe anaelea katikati ya maji, pezi lake linacheza, tumbo halijabonyea. Mwombe muuzaji amlishe ukiwa unaona. Asiyekula dukani usimchukue kwa huruma, hata kama rangi yake imekuvutia. Uliza pia ametoka wapi, maana wengi wanaouzwa duniani bado wanavuliwa baharini, na huko Ufilipino na Indonesia kuna historia ndefu ya wavuvi kutumia sumu ya sianidi kuwalewesha samaki wa mwambani. Aliyeleweshwa hivyo anaweza kuonekana mzima leo, akafa bila sababu wiki ijayo.

Nimhamishe vipi kutoka mfukoni?

Zima taa za tangi na zile kali za chumbani. Acha mfuko uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 joto lilingane. Kama ametoka duka la karibu, mmwage pamoja na maji yake kwenye chombo chenye kifuniko (anaweza kuruka hata humo) na udondoshee maji ya tangi polepole kwa nusu saa hadi saa moja.

Kama amesafiri saa nyingi, usifanye hivyo. Ndani ya mfuko uliofungwa amonia imejaa, lakini hewa chafu anayoitoa inashusha pH na kuifanya amonia isiwe kali. Ukifungua, hewa ile inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu akiwa bado anasubiri matone yako. Muulize muuzaji kabla kiwango cha chumvi cha maji yake, andaa maji yanayolingana, sawazisha joto, kisha mhamishe mara moja kwa kikombe. Maji ya mfuko yamwage, yasiingie tangini.

Siku ya tatu leo sijamwona. Amekufa?

Huenda yuko tunduni. Siku tatu ni kawaida, hata wiki. Usiinue mawe kumtafuta! Utambomolea kitu pekee anachokitegemea katika mahali pageni.

Fanya hivi: punguza taa, kaa mbali, na jioni vuta chakula kidogo kwa bomba la sindano isiyo na ncha, ukidondoshe mbele ya mianya ya chini. Kwanza utaona jicho. Kisha ncha ya pezi, inapanda, inashuka. Kesho yake nusu ya kichwa. Pima amonia wakati huo wote, na ikipanda bila sababu, hapo ndipo utafute mzoga.

## Chakula

Anakula nini, na mara ngapi?

Baharini hula vidudu vidogo vinavyoelea. Nyumbani mpe artemia na misisi waliogandishwa, na kopepodi ukiwapata; wote ni vidudu vidogo vya majini, jamii ya kamba. Sisi wa pwani tuna uduvi. Nunua wabichi kwa mvuvi, waoshe, wakatekate wawe vipande vidogo kuliko punje ya mchele, wagandishe kwenye trei ya barafu, na uyeyushe kipande kimoja kwa mlo. Uduvi wakavu wa sokoni usiwape, wana chumvi na mchanga, na huchafua maji. Akizoea, changanya na punje ndogo za dukani.

Mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili. Chakula kiende na mkondo mdogo, apate kukidaka kikipita. Kikishaanguka chini mara nyingi hakifuati.

Nasafiri siku nne, itakuwaje?

Mzima aliyeshiba atavumilia. Jirani asiyejua kulisha ni hatari zaidi, atamwaga kopo zima. Mwachie vifurushi vilivyopimwa, kimoja kwa siku mbili.

## Majirani

Anaweza kuishi na nani?

Samaki wadogo wapole: gobi wadogo, samaki wa usiku wanaokaa kwa vikundi, na kamba wasafishaji. Usimchanganye na chewa, mkunga au kikande, hao watamla. Wabaya kuliko hao, kwa kuwa huwaonei mashaka, ni wale wadogo wenye wivu wa eneo. Samaki wa rangi ya samawati wa urefu wa kidole, wazuri kwa macho, wanaweza kumfukuza mchana kutwa asipate nafasi ya kutia kitu mdomoni. Aingie yeye kwanza tangini, wengine baadaye.

Nasikia baharini huishi wawili wawili. Niweke wawili?

Ni kweli, wakubwa wengi huonekana jozi, tundu moja. Ila dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho, na wawili wasiopatana tangini huishia mmoja. Mwenye nguvu humsukuma mwenzake mpaka pembeni juu ya maji, na kutoka hapo ni ama njaa ama sakafu. Kama dukani wapo wawili wanaotumia tundu moja bila ugomvi, wachukue pamoja. La sivyo, mmoja. Hanyong'onyei kwa upweke.

Alikuwa akitoka vizuri, baada ya miezi sita amerudi kujificha. Kwa nini?

Tafuta kilichobadilika. Samaki mpya? Jiwe limesogezwa? Taa mpya yenye mwanga mkali? Pampu inatoa mlio? Ukikosa vyote, pima maji, kisha keti gizani na tochi yenye mwanga mwekundu saa moja baada ya kuzima taa. Mara nyingine kaa mdogo aliyeingia na mawe akiwa mchanga ameshakua na kulitwaa tundu.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Umeme ukikatika?

Kinachotangulia kuisha ni oksijeni. Weka pampu ya hewa ya betri, zile zinazowaka zenyewe umeme ukipotea ni bora. Usiponayo, chota maji kwa kikombe na uyamwage kutoka juu mara kwa mara. Usilishe hadi umeme urudi.

Tunapuliza dawa ya mbu kila jioni. Ina madhara?

Ndiyo, makubwa. Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, sumu kali kwa samaki na zaidi kwa kamba. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuiingiza moja kwa moja majini. Kwenye chumba chenye tangi tumia chandarua. Udi na ubani pia mimi hufukiza chumba kingine.

Ameota vidoa vyeupe kama chembe za chumvi.

Huenda ni *Cryptocaryon irritans*, kimelea cha kawaida cha maji chumvi. Mhamishie tangi la matibabu lenye kipande cha bomba la kujifichia na kifuniko (soma tena swali la kifuniko). Dawa ya shaba inaua kimelea, lakini usiitie kwenye tangi kubwa: inaua kamba, konokono na matumbawe, na mawe huinyonya. Tangi kubwa likae bila samaki yeyote, na wafugaji wengi huhesabu siku 76. Afadhali kila samaki mpya akae karantini wiki nne kabla ya kuingia.

Nimemkuta sakafuni, bado anapumua.

Lowesha mikono kwa maji ya tangi, mwokote, mrudishe pale pale bila kumsuuza kwa maji ya bomba. Mweke mbele ya mkondo mdogo, zima taa, usimguse tena. Wapo wanaopona. Kisha tafuta uwazi aliopitia kabla hujalala.

Naweza kumvua mwenyewe, au kuchukua mawe mwambani?

Ndani ya hifadhi, kama Malindi na Watamu zilizotangazwa mwaka 1968, au Kisiwa cha Mafia tangu 1995, kanuni ziko wazi, na uvuaji wa samaki wa mapambo nje yake unahitaji leseni ya idara ya uvuvi. Matumbawe magumu yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuna na sababu nyingine: huyu hujificha ndani, na asiye na ujuzi huvunja tumbawe la miaka mingi kumtoa samaki mmoja. Mawe ya kutengenezwa kwa saruji, yakilowekwa na kubadilishiwa maji wiki kadhaa hadi pH ishuke, yanafanya kazi ile ile.

Nahama nchi. Nimwachie baharini, si ndiko kwao?

Usimwachie. Huenda alivuliwa Asia, na hata kama ni wa hapa, ameishi na samaki na mawe kutoka pande nyingine, na anaweza kubeba vimelea ambavyo mwamba wetu hauvijui. Mtafutie mfugaji mwingine au umrudishe dukani. Siku ya kuhama mfunge peke yake kwenye mfuko wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, mweke ndani ya sanduku lenye giza, na umpe mwenyeji wake mpya lile bomba alilokuwa akilala ndani yake.